Usukani Usiosikika

Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi na husikia maumivu. Neno ni hilo hilo moja. Wageni waliowahi kuja kwangu kujifunza lugha yetu walikuwa wakistaajabu, wakidhani kwamba tumepungukiwa na maneno. Nikiwajibu kwamba hatukupungukiwa. Wazee waliotuachia lugha hii walijua kuwa mtu hasikii kwa masikio tu. Husikia kwa ngozi, kwa tumbo na kwa viganja vya mikono.

Neno jengine la kuangalia ni usukani. Kabla ya gari ya kwanza kukanyaga ardhi ya Pemba, usukani ulikuwepo. Ulikuwa ni ule ubao wa nyuma ya chombo, ulioshuka majini na kugeuzwa kwa kana. Gari zilipokuja, tukalichukua jina hilo la baharini tukalipa gurudumu la kuongozea, na naona hatukukosea. Mshika usukani wa jahazi liendalo Tanga hakuwa akiamrisha tu. Kiganja chake kilikaa juu ya kana usiku kucha, na kwa kiganja hicho alijua kwamba mkondo umegeuka, au tanga limezidiwa na upepo, au chombo kimepoteza mwendo. Kwa hivyo tangu asili usukani una kazi mbili: kupeleka amri na kurejesha habari.

Makala hii inahusu usukani uliobakiwa na kazi moja. Nazungumzia usukani unaosaidiwa kwa umeme, kama ulivyo katika magari ya kifahari ya siku hizi. Ndugu msomaji atauliza, mwalimu mstaafu wa Pemba ana nini na magari ya kifahari? Swali ni la haki, na jawabu lake ni hili lifuatalo.

Mwaka 2021 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi Maskati, aliagiza gari kutoka Japani. Ilifika Unguja, ikavushwa hadi Mkoani, na mimi nikaenda kuipokea. Ina viti vya ngozi, ina kioo cha picha pale katikati, na mlango wake ukiufunga hutoa sauti nzito kama ya kasha la bibi harusi. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu sina ugomvi naye, na kwa sababu nitakayoyasema yanawahusu wengi. Mpwa wangu alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, gari hiyo uiendeshe wewe. Mimi nikija likizo nitakaa nyuma kama bwana mkubwa."

Nilikuwa na umri wa miaka 71. Pale bandarini niliigeuza gari ile kwa kidole kimoja, nikacheka peke yangu. Nikaiendesha mpaka Chake Chake, na nilipofika nilikuwa sijachoka hata chembe. Jirani yangu, aliyekuwa na safari ya kwenda Mkoani jioni ile, akaniuliza, "Mwalimu, barabara ikoje huko?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikakosa la kusema. Nilikuwa nimeipita barabara nzima, kona zake, viraka vyake na miteremko yake, na mikono yangu haikuwa na habari yoyote ya kumpa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Mimi nilijifunza kuendesha mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu si zamani, kwa Land Rover ya kazini isiyokuwa na msaada wowote wa usukani. Aliyenifundisha alikuwa dereva mtu mzima, mwenye mikono iliyokauka kama magome ya mkarafuu. Somo lake la kwanza halikuwa breki wala klachi. Lilikuwa ni dole gumba. "Mwalimu, dole gumba lako liweke nje ya usukani. Ukilizungusha ndani, jiwe litakuvunja." Sikumwamini, mpaka siku gurudumu la mbele lilipogonga mzizi na usukani ukarudi kwa nguvu kama punda aliyechapwa. Ningekuwa nimelizungusha dole gumba, leo ningekuwa naandika kwa mkono wa kushoto.

Somo lake la pili lilikuja wakati wa masika. Tulikuwa kwenye udongo mwekundu uliolowa, na usukani, ambao kwa kawaida ulinitoa jasho, ghafla ukawa mwepesi. Nikafurahi. Yeye akanishika bega. "Usifurahi. Usukani ukikulegezea, mwalimu, ujue barabara imekuacha." Akaniambia niondoe mguu kwenye mafuta, niunyooshe usukani kidogo, nisubiri uzito urudi. Uzito uliporudi, barabara nayo ilikuwa imerudi.

Mzee yule hakuwahi kusoma kitabu cha uhandisi, lakini alichokisema ndicho wanachokisema wahandisi. Magurudumu ya mbele yamewekwa kwa namna ambayo, gari ikikata kona, mpira wenyewe hutaka kurudi kwenye mstari ulionyooka. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo uzito tunaousikia mikononi. Kadiri kona inavyokaza, uzito huongezeka. Lakini mpira unapokaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika ardhi, nguvu ile huanza kupungua kabla mpira haujateleza kabisa. Yaani usukani hulegea kwanza, kisha ndipo gari huteleza. Baina ya mambo hayo mawili pana kipindi kifupi sana, na ndani ya kipindi hicho dereva mwenye kusikia huiokoa gari yake.

Sasa tuangalie wenzetu walivyofika hapa walipo. Hamu ya kuupunguzia usukani uzito si ya jana. Mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, alionesha usukani wa kusaidiwa kwa mafuta mwaka 1926 juu ya gari ya Pierce-Arrow, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikauweka kwenye gari yake ya Imperial kwa ajili ya kuuzwa. Mtindo huo ndio mafundi wetu wa gereji wanaouita pawa stelingi. Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda, mafuta husukumwa kwa nguvu, na ukigeuza usukani mafuta hayo hukusaidia kusukuma. Msaada upo, lakini mlango wa kurudi haukufungwa: gurudumu likigonga kitu, mtikisiko hupanda kupitia chuma na mafuta mpaka mikononi, umepunguzwa makali tu.

Wajapani ndio waliotangulia kuleta msaada wa umeme katika gari ndogo. Suzuki Cervo ya mwaka 1988 ilikuwa nao. Kwa gari ndogo ya mjini lilikuwa jambo la busara. Baadaye umeme ukapanda ngazi. Lexus LS 460 ya mwaka 2006 ilikuwa nao, BMW wakauingiza katika gari yao ya daraja la tano iliyotoka mwaka 2010, na mwaka 2011 Porsche wakauweka katika 911 mpya. Hiyo ya mwisho iliwatia simanzi waandishi wengi wa magari, kwa sababu usukani wa 911 ulikuwa ukisifiwa miaka mingi kwa kumwambia dereva kila kitu.

Kazi ya usukani wa umeme ni hivi. Ndani ya nguzo ya usukani mna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo sana unapogeuza. Kifaa hupima kimejipinda kiasi gani, kompyuta hupokea kipimo hicho pamoja na mwendo wa gari, huamua msaada uwe kiasi gani, na mota ya umeme hutoa msaada huo. Ukiegesha gari, inasaidia sana. Ukiwa kwenye mwendo mkubwa, inasaidia kidogo. Tazama basi njia ambayo habari inapaswa kupita ikirejea. Itoke kwenye mpira, ipite kwenye vyuma, ikutane na mota na meno yake ambayo yana ugumu wao wenyewe, kisha ikutane na kompyuta iliyofundishwa kwamba mitikisiko mingi ni adha isiyotakiwa kumfikia mwenye gari. Gari ya kifahari huuzwa kwa utulivu. Kwa hivyo mtengenezaji huchuja. Anachuja shimo, anachuja kokoto, na katika kuchuja huko, ule ulegevu mdogo ambao dereva wangu wa mwaka 1975 alinifundisha kuuogopa huchujwa nao.

Watengenezaji wenyewe wanajua kwamba watu wanalalamika. Dawa yao ni kitufe. Ukikibonyeza, usukani huwa mzito, na kioo huandika kwamba sasa unaendesha kwa namna ya michezo. Nilikibonyeza siku ya pili. Usukani ulikuwa mzito kweli, lakini ulikuwa mzito kwenye lami, mzito kwenye mchanga, mzito kwenye majani, uzito ule ule mmoja. Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Uzito si habari. Habari ni mabadiliko ya uzito. Mtu anayesema kwa sauti kubwa neno moja siku nzima hajakuambia kitu.

Niliongoza skuli kwa miaka mingi, na naijua hali hii kwa jina jengine. Kuna mwalimu mkuu ambaye walimu wake, kwa kumheshimu au kwa kumwogopa, wamekubaliana wasimpelekee baya lolote. Kila asubuhi huulizwa hali na hujibu kuwa ni nzuri. Ofisi yake ina kimya kinachopendeza. Siku ya matokeo ya mtihani hushangaa kuliko wazazi. Mimi nami niliwahi kuwa mwalimu mkuu wa namna hiyo kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka mwalimu wa kike, mdogo kuliko wote, alipoingia ofisini akanieleza kwamba darasa zima la wavulana halikuwa likisomeshwa hesabu. Alitetemeka akiwa anasema. Namshukuru mpaka leo. Usukani mwema ni kama mwalimu yule: hutetemeka, lakini husema.

Lakini uhakiki usio na insafu ni ugomvi tu, nami sitaki kugombana. Usukani wa umeme una fadhila zake. Pampu ya mafuta huzunguka muda wote injini inapozunguka, hata gari ikiwa inakwenda moja kwa moja, na yote hayo hulipwa kwa petroli. Mota ya umeme hufanya kazi pale tu unapogeuza. Hakuna mafuta ya kuvuja wala mkanda wa kukatika. Gari za mseto na za umeme, ambazo injini yake huzimika njiani au haipo kabisa, haziwezi kutegemea pampu inayozungushwa na injini. Na zile gari zinazojiegesha zenyewe au zinazomrejesha dereva mwenye usingizi ndani ya mstari wake, mkono wao ni hiyo hiyo mota.

Zaidi ya hayo, wepesi wenyewe ni neema. Zamani usukani ulikuwa wa wanaume wenye mabega. Nakumbuka malori ya Bedford yenye mabodi ya mbao, yaliyobeba abiria na magunia ya karafuu, na dereva akisimama nusu kwenye kiti chake ili aipate kona. Leo mkunga mwembamba huendesha gari usiku kumwahi mzazi, na bibi mwenye baridi yabisi hujipeleka mwenyewe hospitali. Mwenye kutamani uzito wa zamani kwa ajili ya fahari ya misuli, mimi simo naye. Wepesi si kosa. Kosa ni ukimya, na hayo ni mambo mawili tofauti. McLaren wa Uingereza, katika gari yao ya Artura waliyoionesha mwaka 2021, walibakisha msaada wa mafuta na kuizungusha pampu kwa umeme, kwa sababu hawakutaka kuipoteza sauti ya barabara. Kwa hivyo wepesi na habari vinaweza kukaa nyumba moja, mwenye nyumba akitaka. Hata Porsche waliendelea kuurekebisha usukani wao wa umeme mwaka hadi mwaka, na wengi waliolalamika mwanzo walikiri baadaye kwamba umekuwa bora.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Masika ya mwaka 2023 nilikuwa narudi kutoka upande wa Ngezi, kwenye njia ya udongo, mvua imenyesha usiku kucha. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa kando yangu, amefunga mkanda, anaimba. Mwendo haukuwa mkubwa. Nilifika kwenye kona ya kushoto, nikageuza. Gari haikugeuka. Nikageuza zaidi, kwa sababu usukani haukunipa sababu ya kutofanya hivyo. Ulikuwa laini na mtulivu kama ulivyo siku zote. Tukaenda moja kwa moja, polepole, kwa adabu, tukashuka mtaroni na kusimama karibu na mti, hatua mbili au tatu tu. Mtoto akanyamaza kuimba. Akaniangalia akaniuliza, "Babu, tumefika?"

Hakuna aliyeumia. Vijana waliitoa gari kwa kamba, nikawashukuru. Fundi wa Chake aliitazama chini na juu akasema haina ubovu wowote. Mimi kwa wiki nzima nilimwambia kila aliyekuja kunipa pole kwamba kosa ni la usukani ule bubu. Kesi yangu ilikuwa nzuri, na mashahidi wangu ndio haya yote niliyoyaeleza hapo juu.

Lakini mwalimu hapaswi kutoa hukumu kabla ya kufanya jaribio. Nina rafiki mwenye pikapu ya zamani isiyo na msaada wa mafuta wala wa umeme. Nilimwomba, na siku yenye tope kama lile nikarudi nayo kwenye kona ile ile, safari hii peke yangu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Niliomba Mungu, nikageuza usukani, nikatega viganja vyangu.

Ule ulegevu ulikuwepo. Nakiri ulikuwepo, kwa sababu mabega yangu yaliujua. Lakini vidole vyangu havikuusikia. Nilikuwa nimeshaanza kuteleza ndipo habari ikanifikia, imechelewa, kama barua iliyozunguka njia.

Nina maradhi ya sukari kwa miaka mingi sasa. Daktari alinieleza zamani kwamba sukari huleta ganzi, kwanza miguuni, kisha mikononi. Ya miguu niliijua. Ya mikono sikuijua, na sasa najua kwa nini sikuijua. Kwa miaka miwili nilishika usukani usioniletea habari yoyote, na mtu asiyeletewa habari hana njia ya kujua kwamba amekuwa kiziwi. Laiti ningebaki na gari nzito, mikono yangu ingenishitaki mapema. Ningechoka, ningekosea pale bandarini, ningeona haya, ningeacha. Gari ile ya kifahari ilinisitiri. Ilinikubalia kila nilichoamuru kwa kidole kimoja, ikanifanya nijione kijana, mpaka tukafika mtaroni mimi na mjukuu wangu.

Kwa hivyo hukumu yangu ina pande mbili, na haki haikamiliki kwa upande mmoja. Usukani wa umeme, kama wengi wanavyoutengeneza kwa magari ya kifahari, una kasoro ya kweli: unapeleka amri na haurejeshi habari, na uzito wa bandia wa kitufe hauiondoi kasoro hiyo. Anayenunua gari ya namna hiyo akiwa kijana, namshauri aende siku moja na mtu anayejua, mahali peupe pasipo na watu, ajifunze gari yake inateleza vipi, kwa macho na kwa kiuno, kwa kuwa kwa mikono hataambiwa. Na anayenunua akiwa mtu mzima wa umri wangu ajue kwamba wepesi ule unaompa safari ndio huo huo utakaomficha hali yake. Asisubiri usukani umwambie wakati wa kuacha. Usukani huo hausemi. Aulize daktari, aulize watoto wake, na asikasirike wakimjibu.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi methali hii kwa miaka mingi, nikidhani mkuu ni mimi.

Nilimpigia simu mpwa wangu Maskati nikamweleza yote, hata ya ganzi, ambayo mke wangu alikuwa hajayajua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mjomba, wewe ndiye utakayekaa nyuma." Gari sasa huendeshwa na binti yangu, mwalimu kama nilivyokuwa mimi, na huiendesha vizuri. Mimi hukaa nyuma kama bwana mkubwa. Mvua ikinyesha humwambia apunguze mwendo, naye hunijibu, "Naam, baba," akapunguza. Sijui kama huwa amesikia barabara au amenisikia mimi. Siku hizi naona vyote viwili vinatosha.